Hakai Mtu Mpaka Atoe

Kama hujawahi kufanya biashara katika soko lisilo na choo, usiniambie lolote kuhusu uvumilivu. Wanaume wa soko letu walikuwa na ukuta wa nyuma ya ghala la viazi, na ukuta haukuwahi kulalamika. Sisi wanawake tulikuwa na kituo cha mafuta kule barabara kuu, ambako mlinzi alikutazama kama umekuja kuiba pampu, na mahali alipoweka ufunguo wa choo alipakumbuka akishaona sarafu. Ukirudi, mteja ameondoka, na nyanya mbili zimeondoka naye. Basi tukajifunza kutokunywa maji. Jua lichome, vumbi lipande, koo likauke, chupa inabaki imejaa chini ya meza mpaka jioni.

Nayasema haya ili ujue kwamba tulipoamua kuchangishana tujenge choo chetu wenyewe, hakuna aliyeuliza kwa nini. Swali lilikuwa moja tu, nani atashika kipaza sauti. Na hilo nalo halikukaa muda mrefu, maana soko zima lilishageuka kumtazama Tarumbeta.

Tarumbeta anauza mitumba. Meza yake inatazamana na yangu ya sufuria, katikati unapita mkokoteni mmoja kwa shida, kwa hiyo sauti yake nimeisikia kuliko ya marehemu mume wangu. Amewahi kumuuzia bwana mmoja blauzi akimwambia ni shati la mabaharia, na yule bwana akarudi wiki iliyofuata kuuliza kama lipo la rangi nyingine. Si mtu mbaya. Ukifiwa, atakuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Lakini ana ugonjwa mmoja: kimya hakivumilii. Kimya kikitokea mahali, lazima akitilie neno, na neno lenyewe sharti lichekeshe.

Namna ya kuchangisha aliibuni yeye mwenyewe, tangu enzi ya mchango wa kufunika mtaro wa soko. Anaita biashara moja moja: wauza vitunguu, simameni. Wanasimama. Anayetoa anakaa, na anayechelewa anapewa dozi yake kwenye kipaza sauti. "Hakai mtu mpaka atoe," ndiyo ilikuwa kauli yake, na sisi tuliipenda, kusema kweli. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na pesa zilitoka, kwa sababu hakuna anayependa kuwa wa mwisho kusimama huku watu wanasikia habari za viatu vyake.

Sasa nikuambie habari za mama mkwe wake. Huyu alikuwa anauza mkaa kwenye kona karibu na geti, tukimwita Bibi Mkaa. Mwanawe ndiye mume wa Tarumbeta, fundi wa kuchomelea mageti. Mungu alipogawa maneno, fungu la huyu mama nadhani alipewa mkwewe. Akishasema "haya" na "asante", siku hiyo ameongea sana. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na anayeujua ugonjwa huo anajua unavyompeleka mtu msalani. Safari ya kituo cha mafuta aliifanya yeye kuliko sote, na goti lake bovu, akivuka barabara ile yenye malori. Kama kuna mtu mmoja aliyekihitaji choo kile, ni yeye.

Na walipendana, yeye na Tarumbeta. Nasema hivyo kwa sababu mimi na mama mkwe wangu tulikuwa tunasalimiana kupitia kwa mtoto. Hawa wawili, kila jioni baada ya kufunga, mama alipitia nyumbani kwa mwanawe na kopo la mkaa, akakaa kwenye kigoda chake kando ya mlango wa jikoni, akaletewa maji. Hapo ndipo alipokunywa maji yote aliyojinyima tangu asubuhi. Tarumbeta anapika na kusema, mama anakunywa na kusikiliza. Kigoda kile hakuna mtoto aliyethubutu kukikalia.

Asubuhi ya siku ya mchango, Bibi Mkaa alikuja kwenye meza ya mitumba kabla wateja hawajaanza kuingia. Mimi nilikuwa napanga vifuniko, nikamwona akitoa kifundo cha kitambaa cha kijani, amekikata kwenye gauni lake lililochakaa. Hayo mengine sikuyasikia, nilikuja kuyajua baadaye kutoka kwa Tarumbeta mwenyewe.

"Mwanangu," alimwambia, "mimi kutajwatajwa sipendi. Mkifika kwa wauza mkaa, nitolee hii. Nisimame tu na wenzangu, kisha nikae."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nitakukalisha kama malkia."

Akakitia kifundo kwenye mfuko wa aproni yake. Humo humo mlikuwa na pesa yake mwenyewe ya kufungulia, maana kwetu anayeshika kipaza sauti ndiye anayetoa kwanza, watu wapime mkono wake kabla ya kunyoosha yao. Lakini wiki ile mambo yalikuwa yamemwendea kombo. Robota la mitumba alilofungua lilijaa sketi zilizotoboka na soksi za mguu mmoja mmoja, na pesa ya kufungulia ilikuwa imebaki kidogo ya kutia huruma.

Saa ya shughuli ilipofika, tulifunga meza tukajaa kwenye uwanja wa kushushia mizigo. Mwenyekiti wetu, muuza nyama, alisema haba na haba hujaza kibaba, kama anavyosema kila mara akisimama, tukampigia makofi ili akae. Mgeni rasmi alikuwa tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi, tuliyempachika jina Bwana Saruji. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mto peke yake, na alikuwa anatazama saa.

Tarumbeta akashika kipaza sauti. Akaanza na la kwake: "Jamani, mficha uchi hazai, na mficha haja atapasuka. Leo tunasema wazi." Tukacheka. Akatia mkono mfukoni, akatoa pesa yake ya kufungulia, akaiweka kwenye beseni.

Makofi yaliyotoka yalikuwa ya kustahi tu. Bwana Saruji hata hakuinua macho.

Hapo ndipo ilipotokea. Mimi nilikuwa safu ya mbele, nilichokiona ni mkono wake ukirudi mfukoni na kutoka na kifundo cha kijani. Akakifungua kwa meno mbele yetu sote, akainua juu pesa yenye unene wa kueleweka, akasema, "Na hii nyingine. Hii nilimficha hata mume wangu."

Uwanja ulilipuka. Mumewe alisimama kule nyuma, mikono juu, akasema kwa sauti kwamba huyo ndiye mke aliyemwoa. Bwana Saruji aliacha kutazama saa. Mtu wa cheo chake hawezi kupitwa na muuza soksi, kwa hiyo alipoitwa aliahidi mifuko ya saruji ambayo hatukuwa tumeiota, na mabati juu yake. Kwa hiyo usije ukasikia mtu akisema uongo ule haukuzaa kitu. Ulizaa choo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Tarumbeta aliniambia baadaye alivyofikiri: wauza mkaa wako mwisho kabisa, kabla sijawafikia nitamwita mume wangu pembeni, nimkope, nirudishe. Lakini Bwana Saruji alipotaka kuondoka, mwenyekiti aliona si vizuri mgeni aondoke bila kuwasikia watu wa getini alikopita, akaupangua mpangilio wote. "Tarumbeta, niitie wauza mkaa."

Akaita. Angefanyaje. Walisimama wachache, maana wauza mkaa kwetu si wengi. Mmoja akatoa, akakaa. Mwingine akatoa, akakaa. Mwisho akabaki Bibi Mkaa peke yake, amejifunga kitenge chake safi, mikono imeshikana tumboni, anamtazama mkwewe.

Hakuwa na hasira usoni. Alimtazama kama unavyomtazama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba, ukijua upo, ukimpa nafasi autafute. Na kifundo alikiona kilipofunguliwa. Kitambaa alikikata yeye, angekosaje kukijua? Lakini alisubiri. Neno moja lake lingetosha, na lilikuwa la kweli: nilikupa asubuhi. Hakulisema.

Na sisi je? Sisi tulianza kupiga kelele. "Mama mkwe! Leo mama mkwe!" Tulitaka kuona Tarumbeta atamfanya nini mkwewe, kama tunatazama mpira. Mimi nilikuwa mmojawapo, na sauti yangu haikuwa ndogo.

Kikaingia kimya kidogo. Na nimeshakuambia ugonjwa wake.

"Mwacheni huyo," Tarumbeta akasema kwenye kipaza sauti. "Choo hakijajengwa, nguzo imeshasimama."

Watu walicheka wakaanguka. Mwenyekiti alijifuta machozi. Tarumbeta akaita wauza samaki, akaita mafundi saa, akaendelea mbio mbio bila kutazama upande wa geti. Bibi Mkaa hakukaa. Kauli ilikuwa hakai mtu mpaka atoe, naye mbele ya watu alikuwa hajatoa, basi akasimama. Alisimama na goti lile kupitia wauza samaki, mafundi saa, wauza mboga, wasusi, mpaka beseni likafunikwa na viti vikaanza kukusanywa. Kisha akaokota kopo lake, akaondoka.

Jioni ile ile Tarumbeta alimfuata kwake. Alikuwa amekopa, si kwa mumewe tena, kwa mumewe alishindwa kusema, maana mumewe alikuwa anazunguka mtaa mzima akimsifu. Alipiga magoti pale mlangoni, akamnyooshea pesa.

"Hiyo ya nini?" mama akauliza.

"Ni yako, mama. Nisamehe. Sijui shetani gani."

"Yangu nilishatoa. Si choo kitajengwa?"

"Kitajengwa, mama."

"Haya. Inuka, utachafua nguo."

Na hapo Tarumbeta akadhani yamekwisha. Wanaosema sana huwa hivyo, wakiambiwa "haya" wanadhani wamesamehewa.

Kesho yake Bibi Mkaa alipitia kwa mwanawe na kopo la mkaa, kama kawaida. Akaliweka mlangoni. Tarumbeta akakipangusa kigoda, akaleta maji.

"Karibu ukae, mama."

"Nina haraka, mwanangu."

Akanywa maji amesimama, akarudisha bilauri, akaenda zake. Kesho kutwa, hivyo hivyo. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mama anakuja kila jioni, anasalimu vizuri, anauliza habari za watoto, anakunywa maji wima, anaondoka. Mwanawe hakuona kitu. Wanaume, mama yao akifika na akiondoka wanahesabu ametembelea. Siku moja hata aliuliza huku anakula, "Mama, mke wangu alikuambia ile pesa alikuwa anaificha wapi? Katoa kuliko sote." Mama akasema, "Mke wako ana mkono mwepesi," akaweka bilauri chini. Tarumbeta aliniambia siku hiyo alitamani ardhi ipasuke, na mboga ikaungua mbele yake akiitazama.

Na sokoni kulikuwa na balaa lingine. Majina anayotoa Tarumbeta hayafutiki. Mimi mwenyewe naitwa Kifuniko na nitazikwa nalo. Basi Bibi Mkaa akawa Nguzo. "Nguzo, nipimie kopo moja." "Nguzo, mbona leo umekaa?" Watoto wa shule wanaopita getini walilijua jina hilo kabla ya kujua la kwanza. Yeye alipima mkaa, akachukua pesa, akasema asante. Tarumbeta akilisikia jina lile alikuwa anajiinamia kwenye nguo zake kama anatafuta kifungo. Sauti yake ilipungua. Mimi kwa ujinga wangu nilimuuliza kama ana mimba.

Choo kilikwisha. Kizuri, cha vigae, upande wa wanawake na upande wa wanaume, maji ndani, na milango ya chuma aliyoichomelea mume wa Tarumbeta bila malipo. Tukafanya sherehe ndogo ya kukifungua, na mwenyekiti akatangaza kwamba heshima ya kuingia wa kwanza anapewa aliyefungua mchango. Akampa Tarumbeta utepe, mkasi na kipaza sauti.

Nikamwona amekamata kipaza sauti kwa mikono miwili, utepe hajaukata. Nikadhani ni furaha.

"Nataka kusema jambo," akasema. "Ile pesa yangu ya pili, siku ile, haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mkwe wangu. Alinipa asubuhi nimtolee. Nikaitoa kama yangu, kisha nikamsimamisha mbele yenu nikamcheka. Choo hiki ni chake kuliko changu."

Sasa sikiliza aibu ilivyo na akili. Watu walicheka. Walicheka sana, kwa sababu ni Tarumbeta, na Tarumbeta ameshika kipaza sauti, na anamtaja Nguzo. Walisubiri sehemu ya kuchekesha na walipoona haifiki, wakajichekea wenyewe. "Sikilizeni, sikilizeni ni kweli," akasema, na hapo ndipo walipozidi. Mumewe alikuwa anacheka akipiga paja. Mwenyekiti akamnyang'anya kipaza sauti kwa upendo, akasema, "Jamani huyu mwanamke, hata leo." Wakamsukuma ndani ya choo kwa vigelegele.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja getini. Nilimfuata, kwa sababu mimi nilikuwa nimemtazama macho, na macho hayakuwa ya mchezo. Bibi Mkaa alikuwa amesimama kando ya magunia yake. Tarumbeta akaja akaegemea gunia moja kwa mkono. Mama akamshika mkono, akaupangusa vumbi la mkaa lililouingia, akamwambia taratibu, bila ukali, "Wameshacheka mara mbili sasa, mwanangu."

Sijawahi kuona maneno yakimchoma mtu namna ile. Tarumbeta alikaa chini kwenye vumbi akalia, na watu waliokuwa wanapita walitabasamu, wakijua ni kichekesho kingine.

Aliyoyafanya baada ya hapo ndiyo yanayonifanya nisimulie habari zake. Aliacha kipaza sauti, akaanza kupita meza moja moja. Alianza na mimi. Aliegemea sufuria zangu, akanieleza yote kuanzia robota bovu mpaka kifundo, kwa sauti ndogo sana hata ikanibidi niiname. Nilipotaka kucheka, mazoea tu, alinishika mkono akasema, "Usicheke, dada. Nakuomba." Nikafunga mdomo. Kisha nikakumbuka kelele zangu za siku ile, na mimi nikakosa pa kutazama.

Akatoka kwangu akaenda kwa msusi. Akatoka kwa msusi akaenda kwa fundi saa. Kila meza hadithi ile ile, hakupunguza, hakujitetea, na mwisho anasema, "Na jina lile mliache, nililitoa mimi." Wengine walimwambia yamepita. Muuza samaki mmoja alimwambia mbele ya wateja kwamba mwizi ni mwizi, naye Tarumbeta akajibu "ndiyo". Mwenyekiti alimsihi aache, atalichafulia soko jina, naye akamsikiliza mpaka mwisho, akaenda meza inayofuata. Mumewe ndiye aliyeambiwa mwisho kabisa, nyumbani, na mume alikaa siku kadhaa akichomelea mageti bila kumsemesha. Sifa zote alizokuwa ametangaza mtaani ilibidi azimeze, na fundi wa mageti anajulikana na watu wengi. Wateja wa mitumba walipungua. Wako wanaohesabu chenji yao mara mbili mezani kwake hata leo, tena mbele yake, na yeye anawasubiri.

Jina la Nguzo lilikufa polepole. Watoto wa shule ndio waliochelewa kuliacha.

Jioni moja Bibi Mkaa alifika kwa mwanawe na kopo lake. Mimi nilikuwapo, nimekwenda kurudisha pasi. Akaliweka kopo mlangoni, akasalimu, akavuta kigoda kwa mguu, akakaa. Akanyoosha goti lake na kushusha pumzi. Tarumbeta alikuwa jikoni. Alipotoka na kumwona amekaa, alisimama pale na mwiko mkononi mpaka nikaogopa.

"Niletee maji," mama akasema.

Akaleta, kwa mikono miwili. Mama akanywa bilauri ya kwanza, akaomba ya pili, kwa starehe ya mtu ambaye siku hizi anakunywa hata mchana kwa sababu choo kiko karibu. Nikasogea kwenye benchi ili Tarumbeta apate nafasi.

"Kaa basi, mwanangu," mama akamwambia. "Mbona umesimama?"

"Niko sawa, mama."

"Kaa."

"Nitakaa, mama."

Alisimama kando ya mlango, akitazama bilauri, mpaka mama akamaliza maji yake.